Hewa Moja, Watu Wengi: Mwongozo Kamili wa Kugawana Masafa ya Waifai Katika Nyumba Moja

Nyumba ninayoiona mbele ya macho ninapoandika haya iko Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja. Chini kuna duka la vyakula lenye wakala wa pesa za simu na mashine ya kadi. Ghorofa ya kwanza anakaa bibi mwenye nyumba na wajukuu zake. Mmoja wao yuko chuo, na darasa lake la jioni liko mtandaoni. Ghorofa ya pili ni vyumba vinne vya wageni. Juu kabisa, chini ya mabati, kapanga kijana anayehariri video za harusi na kuzipandisha mtandaoni usiku kucha. Wote hao walikuwa na laini moja ya intaneti na ruta moja, na ruta yenyewe niliikuta nyuma ya friji ya duka.

Kila mmoja alikuwa na kilio chake. Mwenye duka alisema kadi zinakataa wateja wakiwa wamesimama. Mwanafunzi alisema mwalimu anageuka roboti kila ikifika saa 2 usiku. Wageni walikuwa wakishuka ngazi na laptopu mikononi kutafuta pa kukaa. Bibi, ambaye mwanawe yuko Uingereza, aliniambia neno moja ambalo nimelifanya kipimo cha kazi yangu tangu siku ile: "Mwanangu, mie kasi siitaki. Mie nataka nimsikie tu."

Walikwishapandisha kifurushi mara mbili, na hali ikabaki vilevile. Fedha ile ilipotea kwa sababu kinachogombaniwa ndani ya nyumba kama hii, mara nyingi, ni muda wa kusema hewani. Megabiti zinafika mlangoni salama. Zinakwama kutoka mlangoni hadi kwenye simu. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuugawa muda huo ili mwenye haja ndogo asikose na mwenye haja kubwa apate kilichobaki. Unafaa nyumba ya wageni, skuli, ofisi, na nyumba ya familia kubwa.

Kwanza, ujue unachogawa

Waifai ya zamani inatembea kwenye masafa ya kati ya megahezi 2,400 na 2,483.5. Kipande hicho kimewekewa namba, chaneli 1 hadi 13, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Vitovu vya chaneli hizo vimeachana kwa megahezi 5 tu, ilhali kila mazungumzo yanahitaji upana wa megahezi 20. Kwa hiyo chaneli 3 inamwagikia 1 na inamwagikia 6. Zinazokaa bila ya kukanyagana ni tatu: 1, 6 na 11.

Ndani ya chaneli moja husema mmoja tu kwa wakati mmoja. Kila kifaa husikiliza kwanza. Kikisikia kimya, husubiri kitambo kidogo cha kubahatisha, kisha hutuma. Wawili wakisema kwa pamoja, maneno yanagongana na wote wawili hurudia. Ni adabu ya barzani, ila hapa mazungumzo yanapita maelfu ya mara kwa sekunde.

Sasa hesabu ambayo namwomba kila msomaji aifanye na mimi. Chukua pakiti ya kawaida ya data, baiti 1,500, yaani biti 12,000. Simu iliyo karibu na ruta, inayosema kwa megabiti 54 kwa sekunde, huimaliza kwa milisekunde 0.22. Simu iliyo nyuma ya kuta mbili za mawe imelazimika kushuka hadi megabiti 6, na pakiti ileile inaichukua milisekunde 2. Zikipokezana pakiti kwa pakiti, mzunguko mmoja unakula milisekunde 2.22, na kila simu inaambulia takriban megabiti 5.4. (Nimeacha nje muda wa kusubiriana, ambao hupunguza namba zote.) Rudi uisome tena: simu ya karibu ina uwezo wa 54, na imeburuzwa hadi 5.4 kwa sababu mwenzake anasema polepole. Ukiwagawia muda, nusu kwa nusu, badala ya pakiti kwa pakiti, ya karibu itapata 27 na ya mbali 3.

Ndiyo maana mgeni mmoja aliyelala chumba cha mwisho anaweza kuivuruga nyumba nzima bila ya kujua na bila ya kosa lolote.

Hatua ya 1: Andika haja za kila mtu

Chukua daftari upite ghorofa kwa ghorofa. Usiulize "unataka kasi gani," maana kila mtu atajibu kubwa. Uliza mambo matatu: anatumia nini, anaweza kusubiri kiasi gani, na data inakwenda upande gani, kushuka au kupanda.

Mashine ya kadi na simu ya wakala zinahitaji data ndogo mno, lakini hazina subira, zikicheleweshwa zinakata. Simu ya sauti ya Bibi inatosheka na kilobiti 100 hivi kwa sekunde, kupanda na kushuka, na haivumilii kuchelewa. Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, katika pendekezo lake la G.114, linataka sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Ikipita hapo watu wanaanza kukatizana maneno. Darasa la video linahitaji kama megabiti 3 ili picha na sauti zitulie, tena linahitaji kupanda pia pale mwanafunzi anapofungua kamera. Filamu ni tofauti kabisa: Netflix inashauri megabiti 5 kwa picha ya 1080p na 15 kwa picha ya 4K, lakini filamu hujiwekea akiba ya sekunde nyingi mbele, kwa hiyo kuchelewa kidogo haisikii. Video za harusi za kijana ni mzigo mkubwa unaopanda, na hauna haraka yoyote. Ukifika saa 8 usiku au saa 11 alfajiri, bwana harusi ni yuleyule.

Ukimaliza, utaona jambo lililonishangaza mimi nilipofanya mara ya kwanza: wenye haraka ndio wenye haja ndogo, na wenye haja kubwa ndio wenye subira. Ugawaji mzima unasimama juu ya bahati hiyo.

Hatua ya 2: Pima, tena pima wakati mbaya

Pima saa 2 hadi saa 4 usiku. Kama ni Ramadhani, pima baada ya tarawehe. Kipimo cha saa 4 asubuhi kitakupa moyo wa bure.

Anza na laini yenyewe: unganisha laptopu kwenye ruta kwa kebo, zima waifai, pima kushuka na kupanda mara tatu, andika namba ndogo kuliko zote. Kisha fungua programu ya ping, inayopima muda wa pakiti kwenda na kurudi, uielekeze kwenye anwani ya nje, na huku inaendelea anza kupakua faili kubwa. Ping ikiwa milisekunde 40 kabla ya kupakua na ikapanda hadi 500 au 800 wakati wa kupakua, ruta yako inarundika pakiti kwenye foleni ndefu, na simu ya Bibi imekaa nyuma ya rundo hilo. Tutalitibu kwenye hatua ya 6.

Halafu panda ngazi na simu yenye programu ya kusoma nguvu ya waifai. Namba zinaandikwa kwa hasi. Hasi 50 ni nzuri sana. Hasi 67 inatosha kwa simu ya sauti. Ikifika hasi 75 kifaa kinaanza kusema polepole, na sasa unajua anayelipia upole huo ni nani. Chora ramani ya nyumba kwa kalamu, chumba kwa chumba.

Mji Mkongwe una tabia yake. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole au zaidi. Vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Maana yake, mawimbi yakitembea kwa urefu wa nyumba yanakuta ukuta mnene kila baada ya hatua chache, na yakipanda juu yanakuta boriti, mawe na chokaa tena. Lakini nyumba nyingi zina ua wa katikati au ngazi iliyo wazi, na hapo mawimbi yanapita kama upepo wa kusi. Kiponda nilipata hasi 58 ghorofa ya pili nikiwa nimesimama kwenye ngazi, na hasi 81 hatua nne ndani ya chumba.

Hatua ya 3: Kisichotembea kiwekee kebo

Kila kifaa unachokitoa hewani kinawaachia wengine muda. Televisheni ya sebuleni haitembei. Kompyuta ya kuhariria video haitembei. Kamera za ulinzi hazitembei, nazo ni walaji wa usiku na mchana. Vyote hivyo viunganishe kwa kebo. Nunua kebo ya shaba tupu. Ile ya alumini iliyopakwa shaba ni rahisi dukani na ghali baadaye, hasa kwenye hewa yetu ya chumvi.

Kebo ipite kwenye ngazi au ua, pembeni ya boriti. Usikimbilie kutoboa. Kama nyumba imo ndani ya eneo la hifadhi, zungumza kwanza na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na hata bila ya sheria, ukuta wa chokaa ukitobolewa ovyo unaanza kumwaga mchanga wake miaka.

Kisha weka visambazi vya waifai, kimoja kwa kila ghorofa, kila kimoja kikilishwa kwa kebo kutoka kwenye ruta. Wengi hununua vile vidude vya ukutani vinavyopokea waifai na kuirudisha hewani. Kifaa cha aina hiyo kikitumia chaneli ileile kupokea na kutuma, kila pakiti inasemwa mara mbili, na muda wa hewani unaliwa mara mbili. Kebo ya mita 20 ina faida kuliko vidude vitatu.

Na ruta uitoe nyuma ya friji. Chuma kinazuia mawimbi.

Hatua ya 4: Kaa na majirani

Hii ndiyo hatua ambayo haimo ndani ya kijitabu cha ruta, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Masafa hayana ukuta. Kichochoro cha Kiponda, ukinyoosha mikono miwili unakaribia kugusa nyumba zote mbili. Madirisha yanatazamana, na waifai za nyumba ya mbele zinaingia kwako kama harufu ya mchuzi.

Tulikaa barzani baada ya alasiri, watu wa nyumba nne, kahawa inapita. Niliwaonyesha kwenye simu: ruta 11 zilikuwa zinasikika pale tulipokaa, na saba kati yake zilikuwa zimesongamana chaneli 3 hadi 8. Mzee mmoja aliangalia ile michoro iliyopandana akauliza, "Kwa hiyo yangu ikisema, yako inanyamaza?" Ndiyo, ikiwa zimo chaneli moja. Na zikiwa chaneli zinazopandana nusunusu, kama 3 na 6, hali ni mbaya zaidi: hazielewani vizuri kiasi cha kupokezana, kila moja inakuwa kelele kwa mwenzake. Kama huna budi kukaa na jirani, kaa naye chaneli ileile, mpokezane.

Tukakubaliana: nyumba ya kona chaneli 1, yetu 6, ya mbele 11, na ya nne irudie 1 kwa kuwa ndiyo iliyo mbali zaidi na ya kona. Tukaandika juu ya kifuniko cha boksi la ruta, kikabaki dukani. Ruta zote zikatolewa kwenye "otomatiki," maana ruta ya otomatiki huhama usiku bila ya kumwambia mtu, na mapatano yanavunjika.

Ndani ya nyumba yenu fanya vivyo hivyo: ghorofa zinazofuatana zisitumie chaneli moja. Nguvu ya kutuma ipunguze hadi wastani, kisambazi kisikike ghorofa yake na kisizidi. Watu hudhani nguvu kubwa ni faida, lakini simu ina redio ndogo. Kisambazi kikipiga kelele mtaa mzima, simu inakisikia lakini chenyewe hakiisikii simu.

Kwa vifaa vipya tumia gigahezi 5. Huko kuna nafasi zaidi: chaneli 36, 40, 44 na 48 peke yake zinatoa nne za megahezi 20. Zipo pia 52 hadi 64 na 100 hadi 144, lakini hizo zinatumiwa kwa pamoja na rada. Kisambazi kinapaswa kusikiliza dakika 1 kabla ya kuanza, na kikisikia rada lazima kihame. Kwa darasa na simu ni bora ubaki 36 hadi 48. Kumbuka kuiwekea ruta nchi ya Tanzania, maana ndiyo inayoamua chaneli zilizoruhusiwa. Gigahezi 5 inachoka haraka zaidi kwenye ukuta wa mawe. Kwetu sisi hilo ni neema: ya ghorofa ya pili inabaki ghorofa ya pili.

Hatua ya 5: Safisha hewa

Upana. Kwenye gigahezi 2.4, yaani yale masafa ya zamani ya megahezi 2,400, weka megahezi 20, basi. Ukiweka 40 unakula karibu nusu ya masafa yote peke yako. Kwenye gigahezi 5 weka 40 kama nyumba ina visambazi vingi. 80 inameza zile chaneli nne zote kwa mpigo mmoja, na inafaa shamba pasipo na jirani.

Majina ya waifai. Kila jina unalolitangaza huita takriban mara 10 kwa sekunde. Wito huo ukitolewa kwa kasi ya zamani ya megabiti 1, unachukua milisekunde 2 hivi, yaani kama asilimia 2 ya muda wote. Nyumba tano zenye majina manne kila moja kwenye chaneli moja zimekwishakula asilimia 40 kabla ya mtu yeyote kufungua simu. Majina mawili yanatosha: la wenyeji na la wageni. La wageni litenganishwe na duka kabisa, mgeni asiweze kuiona mashine ya kadi.

Kasi za zamani. Kwenye visambazi vizuri unaweza kufunga kasi za 1, 2, 5.5 na 11, na kuanzia 12. Wito unakuwa mfupi, na simu iliyong'ang'ania kisambazi cha mbali inakiachia ikamate cha karibu. Ila jaribu kwanza mashine ya kadi na kamera. Vifaa vya kale sana vitakataa.

Kama kuna kitufe cha usawa wa muda wa hewani, kiwashe. Ndicho kinachofanya ile hesabu ya 27 na 3.

Hatua ya 6: Gawa laini kama sinia

Hapa nilikosea mwanzoni, na nyumba iliumia wiki mbili. Nilichukua laini, nikaigawa sawasawa, nikamwekea kila mtu kikomo chake. Nilidhani sawa ni haki.

Tazama hesabu yake. Laini ilipima megabiti 20 usiku. Ukibakisha kidogo, gawa 18. Walaji saba: duka linataka 0.5, Bibi 0.5, darasa 3, mgeni wa kwanza 5, wa pili 5, televisheni 15, na anayepakua sasisho la kompyuta anataka chochote atakachopata. Ukigawa sawasawa, kila mmoja ana 2.57. Darasa linalohitaji 3 linakabwa. Duka na Bibi hawamalizi fungu lao, na zaidi ya megabiti 4 zimelala bure huku mwanafunzi anahangaika.

Sasa wakalishe kwenye sinia moja. Mtoto anakula kidogo, anashiba, ananyanyuka. Fungu lake halitupwi, wanaobaki wanaendelea. Duka na Bibi wanachukua 0.5 kila mmoja, wameshiba. Zimebaki 17 kwa watano, yaani 3.4 kila mmoja. Darasa linachukua 3, limeshiba. Zimebaki 14 kwa wanne, 3.5 kila mmoja. Filamu za wageni zinashuka daraja moja la picha lakini hazikwami. Mgeni mmoja akilala, waliobaki watatu wanapata takriban 4.7. Wote wawili wakilala, televisheni na sasisho zinapata 7 kila moja. Hakuna kilicholala bure, na hakuna mdogo aliyekoseshwa.

Huna haja ya kuikokotoa kwa mkono. Ruta zenye programu ya OpenWrt, na zile za MikroTik zenye RouterOS 7, zina mpangaji foleni uitwao CAKE unaofanya hivyo wenyewe, mtu kwa mtu, na pia fq_codel unaofanya kwa kila mazungumzo. Chagua CAKE, mwambie agawe kwa kila kifaa, maana simu moja inaweza kufungua mazungumzo 30 na kujipatia mafungu 30. Weka kikomo cha asilimia 90 ya ile namba ndogo uliyoandika hatua ya 2, kushuka na kupanda, kila upande na wake. Asilimia 10 unayoiacha ndiyo bei ya kuhamisha foleni kutoka kwa mtoa huduma kuja kwenye ruta yako, mahali unapoweza kuipanga. Rudia kipimo cha ping huku unapakua. Kiponda ilitoka zaidi ya 600 ikakaa chini ya 70 usiku uleule, bila ya kuongeza kifurushi hata senti.

Ziko pia foleni nne za kipaumbele za waifai yenyewe: sauti, video, kawaida, na mizigo ya nyuma. Ziache zimewashwa. Usizitegemee sana, kwa sababu zinafanya kazi pale tu programu inapozitia alama pakiti zake, na nyingi hazifanyi.

Hatua ya 7: Mzigo usio na haraka upewe saa yake

Kijana wa harusi nilikaa naye tukanywa chai. Hakuwa anajua kwamba kupandisha faili kunaweza kumkatisha mtu anayepakua, kwa vile kila pakiti inayoshuka inahitaji jibu dogo linalopanda, na njia ya kupanda alikuwa ameijaza yeye. Alikubali mwenyewe kupanga programu yake ianze saa 6 usiku. Kabla ya hapo anapata kinachobaki kwenye sinia. Mazungumzo yale ya nusu saa yalifanya kazi kubwa kuliko vifaa nilivyobeba.

Kama laini yako inatoka mnarani

Wengi Unguja na Pemba wanatumia ruta yenye laini ya simu. Mnara nao unagawa masafa, kwa ustadi kuliko waifai: 4G huyakata vipande vya kilohezi 180, na mpangaji anaamua kila milisekunde 1 nani apewe vipande vingapi. Mnara wa megahezi 20 una vipande 100. Aliye mbali au ndani ya kuta nene anahitaji vipande vingi zaidi kwa data ileile, kwa hiyo ukiipeleka ruta dirishani au darini, panapouona mnara, unajisaidia wewe na mtaa mzima. Funga viungio vya nje kwa utepe wa mpira; chumvi haina huruma.

Usinunue vile vikuza mawimbi vya simu vinavyouzwa kwa siri. Vinatangaza kwenye masafa waliyopewa wengine kwa leseni, vinaweza kuuvuruga mnara kwa watu wote, na masafa nchini yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kwa bara na visiwani pia. Ukitaka kuuza intaneti kwa mtaa, hiyo nayo ni biashara ya leseni.

Kwa ndugu wa Pemba wanaounganisha nyumba mbili shambani kwa antena za kutazamana: majani ya mkarafuu na mwembe yakilowa mvua ya masika yanayanywa mawimbi, kwa hiyo pandisha antena ipite juu ya miti. Kiungo kikivuka maji, bahari inarudisha mawimbi kama kioo, na kioo hicho kinapanda na kushuka. Kipime maji yakijaa na yakipwa, tena siku za bamvua, kabla hujakaza misumari.

Hatua ya mwisho: usiku wa majaribio

Chagua usiku mmoja, saa 2:30. Omba kila mtu afanye jambo lake zito kwa wakati mmoja: televisheni iwake, wageni wafungue filamu, mwanafunzi afungue kamera, na kijana, kwa usiku huo tu, apandishe harusi nzima. Mwenye duka afanye muamala mmoja. Wewe kaa kwenye ngazi na ping yako. Ikiruka, zima mmoja mmoja mpaka uone ni nani. Kama ni wa ghorofa moja tu, tatizo ni hewa ya pale, rudi hatua ya 3 na ya 4. Kama ni nyumba nzima, shusha kikomo cha CAKE kwa megabiti 1 na ujaribu tena.

Halafu mwombe Bibi ampigie mwanawe. Usimuulize kitu, msikilize tu akizungumza. Akipita dakika 10 bila ya kusema "haloo, haloo," andika mipangilio yote na tarehe yake, bandika karatasi ndani ya mlango wa duka pamoja na kile kifuniko cha boksi, na uwaambie wote kwamba wageni wa msimu mwingine wakijaa, mtapima tena.